Mdogo wangu alichanjwa chale mgodini, wembe ukakuta mshipa ambao kwa watu wengi haupo pale

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na rika langu mambo vipi.

Mimi humu jukwaani ni mtu wa kusoma, kucheka na kuondoka. Leo nimeshindwa kuondoka. Nina jambo limenijaa kifuani, na kila nikilianza mtaani kwetu Kambarage, mtu anakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni.

Ninyi mko kwenye simu, hamna maharage. Kaeni.

Nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na kipande cha ushahidi ninacho hapa kwenye mkono wa kushoto. Kinadunda ninapoandika.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mwanamke, wa kwanza kwetu, tuko watatu. Mama alitangulia, baba akafuata nikiwa kidato cha pili. Sare yangu niliifua, nikaikunja, nikamtunzia mdogo wangu Minza, na yeye akaja kuivaa. Shule ikaishia hapo kwangu. Nimemlea Minza, nimemlea na kitinda mimba wetu, Mabula. Sijutii hata kidogo, ila ikinitokea nikakosea neno la kitaalamu humu, madaktari mnirekebishe bila matusi.

Kazi yangu ni salufeti. Ile mifuko ya nailoni iliyokwisha kubeba mchele, pumba au mbolea, nainunua mjini, naifua, nashona palipochanika, napeleka machimboni wachimbaji wabebee mawe. Ndiyo maana siku ya tukio nilikuwepo.

Sasa, kabla ya tukio, lazima niwaambie habari za panzi. Msiruke hapa, mkiruka hamtaelewa mbele.

Baba yetu alikuwa na mshipa mkononi, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Ulikuwa juu juu kabisa, unauona chini ya ngozi unacheza. Akitoka shambani na kuoga, analaza mkono mezani, anachukua punje ya mchele, anaiweka juu ya ule mshipa.

Punje inaruka. Inatulia. Inaruka.

Sisi tunakufa kwa kicheko. Baba aliuita panzi. "Haya, nani mwingine ana panzi?"

Mimi ninaye, mkono wa kushoto. Mabula anaye, mkono wa kulia. Minza hakuwa naye popote, akawa analia mpaka mama anamtafutia kipande cha nyama cha kumbembeleza.

Tulikua tukijua panzi ni kitu cha kwetu, kama vile familia nyingine zina mwanya. Hakuna aliyewahi kutuambia ni kitu cha kuangaliwa.

Twende machimboni.

Mabula anachimba kwenye duara moja, yaani shimo, kule upande wa Bugarama. Siyo mgodi mkubwa, ni hawa wachimbaji wadogo. Kwenye kundi lao yeye ndiye wa nyundo. Mkono wake wa kulia ndio unaokula, ndio unaomlisha mke na mtoto. Akiushusha kwenye tindo, jiwe linajua.

Siku hiyo walikuwa wameufikia mwamba mpya. Na kundi lao lina utaratibu wake: mwamba mpya hauguswi hadi kila mtu achanjwe chale kwenye mkono anaoshikia nyundo, dawa ipakwe, ndipo washuke.

Naomba hapa tusigombane. Wengine mtasema ushirikina, wengine mtasema mila. Mimi nasimulia tu.

Mchanjaji wao ni Babu Luhende, mzee mchangamfu aliyewahi kuchimba mwenyewe ujanani. Ana sifa moja njema, kila mtu na wembe wake mpya, anaufungua mbele yako. Mimi nilikuwa pembeni napanga salufeti zangu, natazama.

Mabula akaanza kusitasita. Wembe hajawahi kuupenda tangu utoto.

Mwenzake mmoja, kijana wa Kigoma wanayemwita Mapesa ingawa hana, akaanza: "Jamani, baba mzima! Shimoni kunaporomoka hukimbii, wembe wa kunyolea ndiyo unakutoa jasho?"

"Mwache apumue," mwingine akasema, "leo anajifungua."

Wakacheka. Babu Luhende akamshika mkono. "Tulia, nkoi, rafiki yangu. Ni kama siafu tu."

Chale ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu akaipeleka upande wa ndani, chini ya kiwiko.

Damu ikaruka.

Haikutiririka, wakuu. Iliruka, ikampata Babu kwenye shati, ikatulia, ikaruka tena.

Na mnajua wale wanaume walifanya nini?

Walishangilia!

"Imekubali! Dawa imekubali!" Mapesa akaanza kucheza na koleo. "Damu inaruka hivi, dhahabu itakuwaje? Huko chini kuna kitu, walahi kuna kitu!" Kwao damu yenye nguvu ilikuwa ishara ya mwamba wenye nguvu. Mabula mwenyewe alikuwa anacheka, kaunyoosha mkono wote waone.

Mimi niliutambua ule mdundo kabla sijaielewa ile damu. Ilikuwa inaruka vile vile kama punje ya mchele ya baba.

Nikatupa salufeti nikakimbia. "Panzi! Mmekata panzi! Mmeshakata panzi!"

Hebu jiwekeni kwenye nafasi yao. Mwanamke anakuja mbio anapiga kelele za panzi. Mmoja akaangalia chini kwenye majani.

Mabula tu ndiye aliyenielewa. Kicheko kikamkauka mdomoni. "Dada," akasema, "ni panzi kweli." Kisha akakaa chini bila kupenda.

Hapo ndipo sherehe ikavunjika.

Mtu akaleta tyubu ya baiskeli wakamfunga juu ya kiwiko, wakaikaza hadi mkono ukabadilika rangi. Babu Luhende, mwacheni aitwe mzee, hakukimbia. Alikunja kitambaa chake cha kichwani, akaweka kidole gumba juu ya jeraha, akabonyeza. Midomo inamtetemeka lakini kidole hakitetemeki.

Tukapanda mchomoko, yale magari madogo ya abiria, hadi zahanati. Dereva aliwashusha abiria wengine bila kuambiwa.

Zahanati tulimkuta nesi mmoja wa makamo, sauti kama ya mwalimu mkuu. Akaangalia tyubu, akauliza tumeifunga tangu saa ngapi, akaweka pedi safi juu ya jeraha na kumwambia Babu: "Bonyeza hapa hapa. Usichungulie." Kisha akaanza kuilegeza tyubu taratibu, taratibu, huku anaangalia pedi.

Babu akachungulia.

"Babu!"

"Samahani, mayu, samahani mama."

Akatueleza kuwa kubonyeza moja kwa moja kwenye jeraha kunatosha kwa wakati huo, na tyubu ikiachwa imekaza vile mkono mzima unakosa chakula. Akapiga simu, tukaingia gari la wagonjwa, Babu na kidole chake mle mle ndani.

Njiani Mabula alikuwa anafungua na kufunga vidole. Kisha akasema kitu ambacho kilinitoa roho. "Dada, hivi viwili vya mwisho sivisikii vizuri."

Nikavishika. Vya baridi. Vile vingine vya moto.

Wakuu, mimi nimezika mama, nimezika baba, sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopea vidole viwili. Mtu wa nyundo bila mkono wa kulia ni nani? Nilianza kuwaza nitamwambia nini mkewe.

Hospitali kubwa tulipokelewa na daktari wa upasuaji, binti mdogo kuliko hata mimi, mwembamba, anaongea haraka. Akamwambia Babu sasa anaweza kutoa kidole. Babu akawa hawezi, kimekakamaa. Wakakikunjua kama mnavyokunjua cha mtoto.

Yule daktari akatazama jeraha, akakunja uso. "Hii ni ya juu juu mno," akasema. "Wembe haujazama hata kidogo. Hapa kwa kawaida kuna mishipa ya kurudisha damu tu, hiyo hairuki. Mbona mnasema iliruka?"

Babu akamwonyesha shati lake.

Daktari akaliangalia shati kwa heshima kabisa. "Aha."

Nikasema, "Daktari, huo mshipa sisi tunao kwenye ukoo. Hata mimi ninao." Nikavuta mkono wa gauni, nikalaza mkono wangu mezani kama baba.

Akaweka vidole viwili.

Jamani. Ningekuwa na uwezo wa kuwachorea ule uso! Aliinua macho, akashusha, akahamisha vidole, akaufuata ule mshipa hadi kwenye kifundo cha mkono, akarudi nao juu hadi karibu na kwapa. "Huu hapa! Huu hapa! Njooni, njooni mguse!" Akaita madaktari wanafunzi waliokuwa korido, wakaja watatu, kila mmoja na vidole vyake baridi.

Mimi niliyeachia shule kidato cha pili, siku hiyo nilikuwa ubao.

Akatueleza hivi, na mimi naeleza nilivyoelewa.

Damu inashuka mkononi kwa ateri moja kubwa. Ateri ndiyo inayotoa damu moyoni kwa nguvu, ndiyo inayodunda. Kwa watu wengi ile ateri inafika kiwikoni ndipo inagawanyika mara mbili: tawi moja linakwenda upande wa kidole gumba, lile ambalo wauguzi wanalishika kupima mapigo, na jingine upande wa kidole cha mwisho. Hilo la kidole cha mwisho huwa linazama chini ya misuli, limejificha, wembe wa chale haulifikii.

Kwa baadhi ya watu linatoka mapema, huku juu mkononi kabla ya kiwiko, halafu badala ya kuzama linapita juu ya misuli, chini ya ngozi tu. Siyo ugonjwa. Unazaliwa nalo, unazeeka nalo, unakufa na mambo yako mengine bila hata kulijua.

"Kwa hiyo Mungu alipitisha bomba juu ya ukuta badala ya ndani," nikasema.

"Umemaliza," akasema. "Na anayepigilia msumari hajui."

Nikamuuliza, basi si aangalie wangu ajue wa Mabula ukoje? Akacheka, akanikatalia. Akasema ndugu hawalazimiki kufanana, hata mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja inaweza kutofautiana. Wangu umemwambia atafute nini. Wa Mabula lazima autafute kwa Mabula.

Wakaleta mashine ya ultrasaundi. Akapaka ile jeli, akapitisha juu ya jeraha. Kwenye skrini mwanga unawaka na kuzima, na sauti ikatoka: fwaa, fwaa, fwaa. Akashuka chini ya jeraha.

Kimya.

Kisha akabana kile kifaa kidogo cha kidoleni, cha kupima mapigo na oksijeni. Kwenye kidole gumba namba zikaja. Kwenye kidole cha mwisho, vistari tu.

Hapo akaacha kucheka. Akavuta kiti akakaa mbele ya Mabula, si mbele yangu, na hilo nililipenda. "Kaka, nisikilize. Ningeweza kuufunga huu mshipa, damu ikaisha, ukaenda nyumbani. Watu wengi wanaishi vizuri na tawi moja, kwa sababu mle kiganjani matawi mawili yanaungana na kusaidiana. Lakini vidole vyako viwili vinaniambia kwako msaada hautoshi. Nikifunga, naweza kuvipoteza. Nataka niuunge. Ni uzi mwembamba kuliko unywele, itachukua muda, na siwezi kukuahidi kwa asilimia mia."

Mabula akamuuliza kitu kimoja. "Nitashika nyundo?"

"Ndiyo sababu nataka kuunga."

"Basi unga, dada."

Akaingizwa ndani.

Nje nilikaa na Babu Luhende kwenye benchi. Hakwenda kwake. Nilimwambia aende, watoto wake watamtafuta, akasema, "Yaya, mayu, hapana. Kidole changu ndicho kinajua huyu kijana anavyodunda, kitakaa hapa." Kisha akaniomba aushike panzi wangu. Nikampa mkono. Alifumba macho akaushika muda mrefu, kama anasikiliza redio ya mbali.

"Nimechanja maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kupapasa kwanza."

Minza akapiga simu kutoka Shinyanga, analia. Nikamweleza yote, bomba, ukuta, msumari. Akapenga kamasi. "Dada, kwa hiyo zile siku zote nililia bure? Kumbe mimi ndiye niliyebahatika?"

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kunitazama.

Daktari alitoka kofia imemlowa jasho. Akasema ameunga, damu imepita, lakini maungio mapya yanaweza kuziba, tusubiri, tuviangalie vidole.

Tukasubiri.

Asubuhi niliruhusiwa kuingia. Mabula amefungwa bandeji mkononi, kifundo na vidole viko wazi. Vidole vile viwili vilikuwa na rangi ya vidole. Nikavishika, vuguvugu. Lakini mimi ni mtu wa kutaka ushahidi, na yeye pia.

"Dada," akaninong'oneza, "huna punje?"

Nguo zake nilikuwa nimezibeba kwenye salufeti, nayo ilikuwa ya mchele. Wanaoshona mifuko wanajua, hata uifue vipi, kwenye mshono wa chini hakukosi punje. Nikaugeuza, nikapekua ule mshono kwa ukucha. Nikaipata moja, imevunjika nusu.

Nikamlaza mkono. Nikatafuta pale chini ya bandeji, karibu na kifundo, upande wa kidole cha mwisho, ambako ule mshipa unapita ukienda kiganjani. Nikaiweka.

Imetulia.

Mabula anaangalia. Mimi naangalia. 

Nikaisogeza kidogo tu, upana wa uzi.

Ikaruka!

Wakuu, iliruka! Nusu punje ya mchele, ikatulia, ikaruka tena, ikatulia, ikaruka! Nilipiga kigelegele ndani ya wodi, nesi akaja mbio akidhani kuna aliyekufa. Akakuta watu wazima wawili wanalia juu ya mchele. Daktari naye akafika, nikadhani atatufokea, akainama pua karibu na mkono na kusema, "Subirini, msiiondoe, niwaite wanafunzi."

Babu Luhende alikuwa mlangoni. Akapiga makofi mara mbili, taratibu, akasema, "Wabeja." Ni asante kwa Kisukuma. Sijui alikuwa anamshukuru nani, daktari au Mungu au punje.

Mabula anaendelea na mazoezi ya vidole. Nyundo bado amekatazwa, kwa sasa ananisaidia kushona salufeti na anashona vibaya sana. Lakini sindano anaishika kwa vidole vyote vitano. Daktari amesema nyundo itarudi, tusiwe na haraka.

Sasa mafunzo, kisha niwaachie uwanja.

Mkono wa binadamu haufanani ndani kama unavyofanana nje. Madaktari wanajua, ndiyo maana wanapapasa kabla ya kuchoma. Yule daktari aliniambia kwa upande wetu hatari kubwa zaidi hata siyo wembe, ni sindano. Mshipa kama huu ukiwa kiwikoni unafanana na mshipa mzuri wa kuwekea dripu. Dawa ikiingizwa kwenye ateri badala ya vena, ule mshipa wa kurudisha damu, inakwenda moja kwa moja vidoleni na inaweza kuviua. Sasa fikirieni kule machimboni, mtu anachomwa sindano ya nguvu chumbani na mtu asiyejua kama mshipa unadunda au haudundi, ili awahi kushuka shimoni.

Kwa hiyo laza mkono wako mezani leo. Papasa upande wa ndani, kuanzia kiwikoni kushuka. Ukikuta kitu kinadunda juu juu ambapo wenzako hawana, usiogope, wala usikimbilie kutafuta tiba. Siku ukienda kutolewa damu au kuwekewa dripu, mwambie muuguzi kabla: hapa kunadunda. Sentensi moja tu. Na ukikuta damu inaruka kwa mdundo, msishangilie. Bonyezeni, msichungulie, mwahisheni hospitali.

Kuhusu chale, mimi ningependa wembe uwekwe chini kabisa, na Babu nimemwambia hivyo usoni. Hajakubali. Ila Mapesa ananiambia siku hizi mzee anamshika kila mtu mkono kwanza, anafumba macho, vijana wanamcheka kwamba amekuwa mganga wa mapigo. Na ile ya kiwikoni ameiacha.

Haya, wakuu. Nani mwingine humu ana panzi? Wekeni mkono mezani, tafuteni punje, mje mseme upande gani. Madaktari na manesi mlioko humu, niliposema vibaya nisahihisheni, nitasoma kila jibu.

Naanza mwenyewe: mkono wa kushoto, na hivi ninavyomaliza kuandika, bado anaruka.